Jiwe la Januari

Pete ilikwama kwenye kifundo cha kidole, pale ambapo miaka ya jembe huko Gashoho imeacha nundu. Mama akailowesha kwa mate, ikapita.

"Mbona jiwe jekundu?" aliuliza.

"Ndilo la Januari, mama," binti yake Letisia alimjibu. "Sonara wa Gitega amesema kila mwezi una jiwe lake, na hili humlinda msafiri. Nilimtajia tarehe iliyo kwenye kitambulisho chako."

Mama aliitazama pete.

"Hiyo Januari ni ya karani wa kambi ya wakimbizi, kule Tanzania. Sisi tusiojua tarehe alituandika wote Januari mosi."

Letisia aliona aibu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Basi ulizaliwa mwezi gani?"

"Bibi yako ndiye aliyejua. Siku tunakimbia, alianza kuniambia njiani. Mi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, mama, utanieleza tukishavuka mpaka pale Kobero. Yeye hakuvuka."

Akaizungusha pete mpaka jiwe likawa upande wa kiganja, akafumba mkono.