Toroli Ndogo ya Peres

Vitunguu viwili viliporomoka tena kutoka kwenye toroli ya yule mwanamke, vikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Musembi. Musembi nusura avipige teke.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu sasa. Mwanamke anaingia supamaketi, anazipita toroli kubwa arobaini zilizopangwa mlangoni, anadai ndogo. Halafu anairundikia unga, sukari, mafuta na kabichi za hosteli nzima ya wasichana anayoipikia kule Kilimani, mpaka vitu vinamwagika njiani. Na Musembi, ambaye kazi yake ni kutunza toroli, ndiye anayemfuata nyuma akiokota kama kuku.

Zile ndogo zilikuwa sita tu, zimeletwa kwa ajili ya wateja wa mkate na maziwa. Waya na magurudumu, basi. Starehe zote zilikuwa kwenye kubwa: mpini wa plastiki usiogandisha mikono asubuhi ya baridi, kiti cha mtoto cha kukunjua, ndoano ya mkoba, magurudumu yasiyolia. Mtu mwenye akili timamu na mzigo wa namna ile angezikatalia nini?

Jibu Musembi alikuwa nalo: madaha. Tena aliyemharibu ni Dalmas, aliyekuwa na kazi hii kabla yake. Kila Jumamosi Dalmas alikuwa akimfichia toroli moja ndogo nyuma ya kreti za soda. Musembi aliikuta huko siku yake ya kwanza, akaitoa na kuipanga na zile nyingine. Alipomuuliza karani wa kaunta habari yake, karani aliinua mabega. Dalmas hakuwahi kueleza, alikuwa akisema tu, "Huyo mwachieni." Musembi alicheka kwa pua. Katika Nairobi hii ya mwaka sabini na tatu, nani anamwachia nani kitu bure?

Halafu jeuri. Jumamosi ya kwanza alikuwa amemsalimu kwa heshima zote, kama alivyofunzwa kwao. "Habari ya asubuhi, mama?"

Mwanamke alimkazia macho. "Usiniite mama. Jina langu ni Peres."

Hebu fikiria. Mtu mzima, leso kiunoni, mikono inanuka kitunguu, anataka kuitwa jina kavu kama binti wa ofisini. Musembi alishinda na hasira mpaka jioni, na akalala nayo.

Jumamosi ya pili walizozana hadi Bwana Inderjit, mwenye duka, akashuka kutoka ofisini kwake juu. Alingoja wateja wapite, kisha akasema polepole, "Musembi, bado uko kwenye majaribio. Nikisikia kelele mlangoni tena, Jumatatu usije."

Musembi alikuwa amezunguka miezi minne akitoka Kinoo kwa miguu, akigonga mageti ya watu na kufukuzwa na mbwa wao, kabla ya kuipata kazi hii. Hakuwa tayari kurudi kwenye mbwa kwa sababu ya mpishi mwenye maringo. Ndiyo maana siku ya vitunguu aliinama tu, akaviokota.

Jumamosi ya nne, toroli ndogo zote sita zilikuwa zimechukuliwa ilipofika saa tatu. Peres akaingia.

"Ile ndogo iko wapi?"

"Zimeisha."

"Nitangoja."

"Utangojea hapa mlangoni? Watu wapitie wapi?"

Kweli, foleni ilikuwa imeanza nyuma yake. Mzee mmoja alikohoa. Kule juu, nyuma ya kioo cha ofisi, Bwana Inderjit alikuwa amesimama akitazama. Musembi alimwona. Kazi yake yote, kodi ya chumba, chakula cha watoto, vining'inie kwenye toroli?

"Dalmas alikuwa ananiwekea," Peres alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi si Dalmas."

Akavuta toroli kubwa kwa nguvu, akaigeuza mbele yake, akakikunjua kile kiti kwa kishindo. "Haya, chukua hii. Hata mkoba wako una pa kukaa leo, upumzike."

Foleni ikacheka. Peres akaupokea mpini. Musembi, kusema kweli, alifurahi, alifurahi mno. Kule juu Bwana Inderjit alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye meza yake. Kazi ilikuwa imepona.

Mkoba Peres hakuuweka. Aliusukumia mgongoni, akafungua ncha ya leso yake na kukipangusa kile kiti, taratibu, pembe zote, kisha akakipuliza vumbi. Foleni ilikuwa imeacha kucheka. Halafu akashika njia kuelekea kwenye unga, mkono mmoja ukisukuma, mkono wa pili ameuzungusha nyuma ya kiti kitupu, kama anayemzuia mtoto asianguke.