Bangili ya Shangazi

Siku hizi anayekana maumivu ya mtoto huyabeba mwenyewe. Huvishwa bangili, maumivu yakamhama mtoto na kumwingia yeye, mpaka akiri kwamba ameamini na mzazi aifungue kwa kidole gumba chake.

Wifi yangu Mwanahawa aliivaa akicheka. Binti yangu Salha ana viungo vilivyolegea kupita kiasi, na kila Idi shangazi yake huyo alimwita mbele ya wageni apinde vidole kinyume mpaka viguse mkono. Wakapiga makofi. Viungo vilipomuuma baadaye, alisema, "Anadeka tu. Mtoto laini kama mlenda, ataumia wapi?"

Asubuhi ile alipoivaa, nilimpa wifi mbuzi na nazi akune. Hakufika nusu, kizio kikamponyoka, kikabingirika sakafuni. Alipojaribu kuinuka, magoti yalimchoma akaketi tena.

"Wifi, nifungue. Nimeamini."

Niliendelea kupepeta mchele. "Sijasikia, wifi."

"Nimeamini, jamani! Wallahi nimeamini!"

Nilinyoosha kidole kuelekea bangili. Hapo nikamwona Salha uani, anaruka kamba. Sikuwahi kumwona akiruka kamba tangu nimzae. Nikakirudisha kidole kwenye ungo.

Jioni aliingia akitiririka jasho, akamkuta shangazi yake amejikunyata mkekani, analia. Akamtazama kidogo.

"Anadeka tu," alisema, akaomba maji.

Nilimpa maji. Bangili sikuigusa.