Meli Iliyolilia Jina

Jirani yake Wilhelmina alimwambia Selina meli ilikuwa inalia. Si kupiga honi, alisema. Kulia hasa, kama kichanga. Ni ile meli mpya ya serikali, ya kuchunguza samaki na maji ya ziwa. Mafundi wanaiwasha, inanguruma kidogo, inazimika. Wanaifungua, hawaoni ubovu. Mpaka akapita mzee mmoja wa Ukerewe akawacheka: "Nyie wasomi, kwenu mtoto akilia usiku na mchana mnafanyaje? Si mnamtajia majina ya marehemu mpaka anyamaze?" Basi wakaanza kuitajia waliofia ziwani, mmoja baada ya mwingine. Walipofika kwa Luhende, injini ikashika, ikatulia kama paka aliyeshiba.

"Luhende wako, mama Luhende," Wilhelmina alimalizia, mkono kifuani. "Haki ya Mungu."

"Ulikuwepo?" Selina aliuliza.

"Nimeambiwa na aliyekuwepo."

"Basi mwambie huyo aliyekuwepo kwamba mwanangu hajafa."

Mtaa mzima wa Mkuyuni ulimjua Selina kwa neno hilo. Boti ya zamani ya utafiti ilipopinduka miaka ile, maiti za wenzake Luhende zote ziliokotwa, zikazikwa. Luhende, mvuta nyavu, hakuonekana. Kwao Ukerewe mtu akikosekana mwili huzikwa mgomba badala yake. Watu hulia, hunyoa, mambo huisha. Selina alikataa. Mgomba ulioletwa uani alikuwa ameukatakata akawapa mbuzi.

"Siwezi kuzika ndizi nikaiita mwanangu," alisema.

Na miaka yote hiyo Modesta, mke wa Luhende, alisimama upande wake. Waliishi nyumba moja, wakimsubiri mtu mmoja.

Kesho yake akaja Alexander, bwana wa ofisi ya utafiti, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Ya injini hakuyataja. Alisema wakubwa walitaka meli iitwe kwa jina la mkubwa mwenzao aliyefariki, wafanyakazi wakagoma, wakataka jina la mwenzao aliyebaki ziwani. "Ila meli haipewi jina la mtu aliye hai, mama. Na wazee wa kwenu wanasema mgomba haujazikwa. Bila neno lako, tutaiita Sangara, yaishe."

Selina alifungua kinywa kukataa. Modesta akamtangulia.

"Atakubali."

Selina akageuka. "Modesta, mwanangu, si wewe uliyekuwa unaniambia tusubiri?"

"Nilisema, mama. Nimechoka kusubiri. Mzike." Kisha akamwelekea mgeni. "Jina likishaandikwa, linafutika?"

"Rangi ile, dada? Itatuzika sisi sote."

"Hata akitokea mtu akasema mengine?"

Alexander alicheka kidogo, akidhani anaogopa maneno ya familia za wale wengine waliozama. "Hata akitokea nani."

"Basi sawa."

Tangu siku hiyo Modesta hakumpa mama mkwe nafasi ya kupumua. Akisonga ugali, maneno yaleyale. Akimkanda goti, yaleyale. "Wenzake wana makaburi, mama. Wako ana nini? Meli itafika Bukoba, itafika Musoma, kote wakisoma jina lake." Selina akawa anatikisa kichwa tu. Ndipo jioni moja Modesta akamwambia polepole, bila hata kuinua macho kwenye dagaa aliokuwa anapepeta: "Au unataka azurure humo majini bila jina, kwa sababu ya ukaidi wako?"

Hapo Selina akavunjika.

Mgomba ukazikwa Nansio. Selina alinyolewa, akalia kilio alichokikataa miaka yote, akajigaragaza mpaka vijana wakamshika. Modesta hakutoa chozi. Watu wakasema, maskini, yake yaliisha zamani.

Siku ya meli, ufukwe ulijaa. Kulikuwa na viti vya wakubwa, kwaya, na vumbi la magari yao. Wazee walikuwa wameshapanga: mama atamke kwanza, ndipo kitambaa kinachofunika jina kivutwe. Selina akashikwa mkono hadi kwenye kipaza sauti.

"Mwanangu Luhende amekufa," alisema. "Jina lake, chukueni."

Makofi yakapigwa. Wilhelmina akapiga kigelegele, akakikatiza katikati, akakumbuka kwamba ni msiba. Selina akarudishwa kwenye kiti. Modesta akamwachia mkoba wake mapajani, akapanda jukwaani kuvuta kitambaa.

Padri alikuwa katikati ya sala simu ilipoita ndani ya mkoba. Vichwa vikageuka. Selina, kwa aibu, akaipapasa, akabonyeza alipobonyeza. Mlio ukakatika, na mtu akaanza kuongea. Akaiweka sikioni ili amwambie huyo mtu asubiri.

"Modesta, usikate tena, nisikilize." Nyuma ya sauti ile kulikuwa na watoto wakigombana kwa Kiganda. "Nilikosea kukukimbia. Nimekiri, na tangu Pasaka nakuomba msamaha kila siku. Lakini wakishaandika jina langu, nitarudi nyumbani kama nani?"

Kule mbele kitambaa kilianguka. Kwaya ikapaza sauti, na watu wote wakasimama, isipokuwa Selina. Alikuwa ameibana simu sikioni.

"Modesta? Haya, usinipokee. Hasira zako ni haki yako. Ila nakuomba kitu kimoja tu: mwambie mama kwamba niko hai."