Dole Gumba Kwenye Taa

"Umeiunguza taa wewe, Kihiyo, na mikono yako hiyo ya mkaa!"

"Mimi? Tangu lini nikagusa projekta ya watu?"

Uani kwa Fundi Shebe majirani walikuwa wakirushiana maneno, na shemejiye, Bi Mwanakombo, mjane wa kaka yake, aliwapita wote kwa sauti. Siku hizi kila mtu huonyeshwa picha zake peke yake, ndani ya jicho, hata za wafu wake wakiwa hai. Mtaa ukikutwa unatazama picha moja kwa pamoja, wote hukatiwa hizo za jichoni. Atakayeiharibu hiyo ya pamoja hurudishiwa yake. Mtaa huu ulishakatiwa. Walibaki na projekta kuukuu, vicheko na kugombania mikeka, na taa yake iliyoungua leo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Shebe aliichomoa kwa kitambaa. Taa hizi hazishikwi kwa mkono mtupu, maana mafuta ya kidole huungulia kwenye kioo mpaka kipasuke. Kwenye kioo palikuwa na alama ya dole gumba, imekatwa katikati na kovu. Kovu hilo alilijua. Yeye ndiye aliyelifunga jeraha lake, siku Mwanakombo alipojikata kwa mbuzi ya nazi.

Alimtazama. Ndani ya macho ya shemejiye mwanga mdogo ulikuwa ukichezacheza.

"Imezeeka tu," Shebe aliwaambia watu.

Walipotawanyika, Mwanakombo alimshika mkono, akitabasamu kama bibi harusi. Mlango wake ulikuwa wazi, sahani tatu zimepangwa mkekani.

"Ingia ule, shemeji. Kaka yako anakusubiri."