Ngiri Adai Haki ya Mguu

Alikuwepo Ngiri mmoja asiyejua kusamehe. Siku moja alitumbukia katika shimo jipya la jirani yake Muhanga, akateguka mguu, akamshtaki kwa Hakimu Twiga.

"Nisamehe, jirani," Muhanga alisema barazani. "Nitakuuguza mpaka upone."

"Pole hainyooshi mguu. Nataka mashimo yako yote yafukiwe."

"Hata ya zamani, niliyokwisha kuyahama?"

"Lisibaki hata moja."

Twiga akaamuru hivyo, na mashimo yakafukiwa siku hiyohiyo.

Jioni Ngiri alichechemea kwenda kulala, moyo umetulia. Akageuka aingie shimoni mwake kinyumenyume, kama ngiri wote wafanyavyo. Makalio yakagota udongo mgumu. Ndipo alipokumbuka kwamba maishani mwake hajawahi kuchimba shimo.