Maji Kwanza

"Hivi mama yako atakoma lini kukuaibisha na Kiingereza chake hicho?" jirani aliwahi kumuuliza Serwaa kwenye ngazi za jengo lao, huko Bronx. Serwaa alicheka tu, akapita.

Leo wakala wa mwenye nyumba alisimama mlangoni, kofia kichwani. Alisema wapangaji wa chini wamechoka kusikia fufu, ule ugali wa kwao mama, ikitwangwa. Ama kinu kinyamaze, ama wahame.

"Mwambie mama yako."

Serwaa hakutulia. Ulimi wake ulikwisha kuzoea kumsemea mama, tena kwa kuomba radhi. Lakini mama alishaleta bilauri ya maji juu ya kisahani, kama mgeni anavyopokewa kwao Kumasi.

"Wewe keti," mama akasema kwa Kiingereza chake. "Maji kwanza, maneno nyuma. Mimi twanga mchana, mtoto kula. Usiku mimi lala. Kwako wewe, watu kupika kimya?"

Mkono wa mama haukushuka.

"Anasemaje?" wakala akamuuliza Serwaa.

Serwaa alimtazama mama. Wangehamia wapi na baridi hii?

"Si umemsikia mwenyewe, bwana? Mimi sina la kuongeza."

Yule bwana aliipokea bilauri, akanywa yote, akairudisha kisahanini, akatoka bila kulirudia lile la kuhama.