Mzigo wa Wiki

Mhasibu aliingia kikaoni karatasi yake imeshakunjwa. Mchoraji aliiona, damu ikamchemka. Kumbe shoga yake hakuhitaji hata kufikiri. Jina kaja nalo kutoka nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya kura. Kampuni yenyewe ilikuwa changa, haikujaza hata chumba kimoja: wafanyakazi wanne na mwenye mali, na programu yao ya simu ya kumwita dobi mlangoni. Mwenye mali hakutaka kuitwa bosi. Alitaka aitwe Kaka, maana eti pale si kazini, pale ni familia. Familia gani, jamani, ya kumpigia mtu simu yuko kitandani anaungua homa, na kumuuliza ataumwa mpaka lini? Ya kumtukana mtu wa mauzo mbele ya wateja, halafu kumuuliza mbona hacheki?

Kura ilikuwa ubunifu wa Kaka huyo huyo. Kila Ijumaa kila mmoja anaandika jina la mwenzake anayeirudisha kampuni nyuma, anakunja karatasi, anaitumbukiza kwenye bakuli. Kaka anazifungua peke yake, anazichana vipande, kisha anamtangaza mzigo wa wiki. Ukitangazwa mara tatu, kusanya vyako uende. Fundi wa kompyuta alijaribu kuguna siku ya kwanza, akaonyeshwa mlango ulipo. Hakuguna tena.

Mchoraji, aliyezichora kurasa zote za programu ile kwa mkono wake, alikuwa ameshatangazwa mara mbili. Tumbo lilikuwa linakaribia miezi minane. Daktari ameshasema mtoto hatatoka bila kisu, na bima ya kulipia kisu hicho ilikuwa ya kazini. Mumewe alikuwa kibarua wa kupaka rangi nyumba za watu, leo yupo kesho hayupo, bima aipate wapi? Kazi ikienda, na bima imekwenda.

Na kilichomkera kupita vyote ni kwamba yeye hakuwahi kumwandika mtu. Kila Ijumaa alijifanya anaandika, akatumbukiza karatasi tupu. Roho ilimsuta kumwandika mwenzake. Sasa wenzake, waliokula naye, waliojua hali yake, ndio wa kumfanyia hivi?

Alikuwa hajui amshuku nani, mpaka Jumatano Kaka alipomwita pembeni. Siku hiyo sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayeposa. Akamwambia yeye hapendi kusema ya kwenye bakuli, ila amwangalie vizuri yule anayekula naye mchana.

Aliyekula naye mchana ni mhasibu. Na mhasibu naye alikuwa ameshatangazwa mara mbili. Hapo hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: mama mtu mzima anamtoa mjamzito kafara ili yeye abaki kitini. Mchoraji hakulala vizuri siku mbili hizo. Alimchukia yule mama mpaka harufu ya mafuta yake ya nywele ikawa inamtia kichefuchefu.

Sasa wamekaa bega kwa bega, bakuli liko mezani. Mhasibu akamgusa mkono.

“Mdogo wangu, usijitese. Leo itapita.”

Itapita! Unafiki wa mchana kweupe. Mchoraji akautoa mkono wake taratibu, akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza akaandika kweli. Aliandika jina la mhasibu kwa herufi kubwa, akakandamiza karatasi nusura itoboke. Akaikunja, akaitumbukiza. Alijisikia vizuri, tusifichane. Alijisikia vizuri sana.

Kaka alifungua karatasi moja baada ya nyingine, uso wake umekauka kama kawaida. Ya mwisho akaishika muda mrefu. Akainua macho, akawapitia wote mmoja mmoja, halafu akatabasamu.

Akamtangaza mhasibu.

Mtu wa mauzo alijitia kutafuta kitu kwenye simu yake. Fundi aliinamisha kichwa. Mhasibu akasimama, akakusanya kikombe chake, miwani ya akiba na picha ya wanawe, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Alipofika kwenye kiti cha mchoraji akainama sikioni mwake.

“Afadhali imekuwa mimi,” akamnong'oneza. “Wewe una mtoto njiani.”

Moyoni mchoraji alimsonya: hata kuondoka anaondoka na maigizo! Akamsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa, akashusha pumzi, akapapasa tumbo lake. Wamepona, yeye na mwanawe. Wengine watajijua.

Kabla hajafungua kompyuta, Kaka akamwita kwenye kijichumba chake cha kioo. Akamvutia kiti mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Akasema kuanzia Jumatatu yeye ndiye msaidizi wake, asimamie wale wawili waliobaki, na bima yake haitaguswa. Muda wote, alisema, alikuwa anatafuta mtu mwenye roho ya uongozi, na mwandiko wake anaujua, hata asijisumbue kukana.

Mchoraji alishukuru. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa mkubwa, akaona anayo haki ya kuuliza.

“Na hao wengine walioniandika mimi, Kaka, ni nani?”

Kaka alicheka mpaka akajifuta machozi.

“Akuandike nani? Tangu tuanze, karatasi zote zinakuja tupu, majina nayatunga mwenyewe. Ya kwako leo ndiyo ya kwanza kuandikwa.”